Madebe Arobaini na Nane

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Nimeanza shajara. Ni ya duka la pembejeo, ya mwaka jana, ina picha ya nyanya kila mwezi. Siku hazilingani na tarehe, kwa hiyo nakata na kuandika upya juu yake. Mwanangu Sabra kasema ningenunua daftari. Nikamwambia daftari halina nyanya.

Naandika kwa sababu jambo kubwa limeingia nyumbani mwangu, na nisipoliandika mimi, Evodia wa ng'ambo ya barabara atalisimulia vibaya.

Jambo lenyewe ni hili. Saa nne asubuhi Daktari Fanueli, mtafiti wa mradi wa udongo, kaja mwenyewe kwa miguu yake. Si daktari wa sindano, ni wa udongo. Kaleta maandishi yake ya mkono, mwandiko kama njia za mchwa. Yanaeleza udongo unaoporomoka mashambani Lukozi na Malindi ya huku milimani, pale pasipo na matuta, na unaobaki pale penye matuta. Yakichapwa yatakuwa kurasa kumi na mbili. Yatasomwa mbele ya wakulima Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 18. Yakitoka safi, karatasi zote za mradi kwa miaka mitatu zitachapwa katika chumba changu cha mbele, kwenye kompyuta ya mwanangu. Yasipotoka safi zitaenda kwa Timotheo, mtoto wa Evodia, ambaye naye ana kompyuta.

Jioni, tukiosha vikombe, Sabra kaniambia taratibu. Kazi hii ikienda ng'ambo, yeye anarudi Morogoro. Kuna mwalimu wa hesabu wa chuo bado anamtaka amchapie vitabu. Ataondoka na mashine yake. Huku Lushoto, kasema, kadi za harusi hazimlishi mtu.

Nikasema sawa mwanangu. Halafu nikaenda uani kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekutana na Evodia bombani. Mwaka wa kumi na tisa sasa tunakutana bombani, na sikumbuki siku aliyoniachia nijaze ndoo ya kwanza.

Kasema amesikia. Kasema anatuombea. Kisha kasema mashine ya Timotheo ina rangi na kipanya, na unachoandika ndicho unachokiona, ila ya Sabra ni kioo cheusi na maandishi meupe, ubao wa darasa la kwanza. Mtu anaandika gizani, hajui kitakachotoka.

Nikamjibu hata mtoto hukaa gizani miezi tisa, na akitoka ana pua.

Kasema ni kweli, Mama Sabra, ila wengine hutoka na pua ya jirani.

Nilijaza ndoo nusu nikaondoka. Nilimshinda, ila sikumbuki vizuri wapi.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimekaa nyuma ya Sabra tangu chai mpaka adhuhuri, nikijifanya nachambua maharage. Nimeelewa kila kitu. Nilisoma mpaka darasa la nne, tena la nne la zamani.

Programu yake inaitwa Lateki. Huandiki kitu kama kitakavyoonekana. Unaiamuru. Unaweka kijiti kilichoegemea nyuma, unaandika jina la amri, unaendelea na maneno yako. Ukimaliza unabonyeza, mashine inachemka kidogo, na ukurasa unatoka umenyooka kama kitabu cha Serikali. Ni kama chapati. Hakuna anayeiona chapati wakati wa kukanda.

Kumbe shida kubwa ya Daktari ni vipimo. Sabra kasema ndicho kilichomfanya achukie mashine nyingine. Baina ya namba na kipimo chake lazima pawe na nafasi ndogo, ndogo kuliko ile ya maneno. Kipimo kisimame wima, kisilale mlalo. Tena namba na kipimo ni mume na mke, hawaruhusiwi kulala mistari tofauti. Namba ikibaki mwisho wa mstari na kipimo kikaanguka mstari wa chini, Daktari anapandwa na presha.

Kipimo chenyewe ni tani kwa hekta. Hakiandikwi kwa maneno. Ni t ndogo, halafu ha, na juu ya ha kistari na moja, vimekaa kichwani kama mtungi wa maji. Nikamuuliza kwa nini asiandike tu "tani kwa hekta" watu walale. Kasema ndivyo dunia nzima inavyoandika, mama, mpaka Ujapani.

Kuna mahali thelathini na moja penye kipimo hicho. Thelathini na moja! Nikamwonea huruma vidole vyake. Akacheka. Kanionyesha juu kabisa, kabla ya neno la kwanza. Pale kaandika mstari mmoja tu, kakipa kipimo jina: tanihekta. Ndani ya mabano kaeleza tanihekta ikoje, t, nafasi ndogo, ha, mtungi. Huko chini kila mahali anaandika jina tu, na mashine inajua yenyewe. Ukibadilisha ule mstari mmoja wa juu, vyote thelathini na moja vinabadilika.

Nimezaa mtu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda kwa Evodia kuomba kaa la moto. Kwangu moto ulikuwa unawaka, ila hilo halimhusu.

Timotheo alikuwa kwenye mashine yake. Kijana ana heshima, shikamoo mama, karibu kiti. Daktari kumbe kampa naye kurasa mbili za kujaribu. Nilimwona kwa macho yangu anavyohangaika. Anakivuta kipanya mpaka kwenye ile moja ndogo, anaifunika weusi, anaipandisha kichwani, anateremka kutafuta nyingine. Moja moja. Kama mtu anayepandikiza vitunguu.

Hapo ningenyamaza. Nilikusudia kunyamaza. Lakini Evodia kasema, unaona Mama Sabra, kazi ya mikono, si ya kubahatisha gizani. Nikajikuta nimeshasema. Sabra haandiki mara thelathini na moja. Anaandika mara moja, juu kabisa, na kila kitu kinatii.

Timotheo kageuka, kasema mama hiyo ni akili sana. Evodia hakugeuka. Kauliza tu, taratibu, anachambua mchele: na hicho kinachotii ni nini?

Nikasema tani kwa hekta.

Evodia kacheka mpaka ungo ukatikisika. Kasema nani Lukozi kaona hekta? Ina pembe? Wale wakulima wanajua debe na gunia. Watasomewa hekta Alhamisi, watapiga miayo, Daktari ataona karatasi haieleweki, na mashine yako nyeusi itapanda basi la Morogoro.

Nimesahau kaa la moto kule kule.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya gulio. Nimefanya utafiti. Kama Daktari, ila mimi sina gari.

Nimewauliza watu watatu walioteremsha kabichi na karoti kutoka Lukozi, hekta ni nini. Wa kwanza kasema ni dawa ya minyoo ya mbuzi. Wa pili kasema ni ile gari ya mradi. Wa tatu, mama mtu mzima, kaniamkia kwa Kishambaa, onga maundo, kanishika mkono, kasema mwanangu kama umeanza kusahau maneno nenda ukapumzike.

Kisha nikawauliza debe. Wote watatu wakanionyesha kwa mikono ukubwa ule ule.

Nimemweleza Sabra wakati wa kula. Nikamwambia aweke debe. Kasema haiwezekani, Daktari kapima kwa tani na hekta, ndivyo itakavyokuwa. Nikasema kidogo tu. Kaweka tonge chini. Kasema mama, kipimo si chumvi, hakiongezwi kwa kuonja.

Msemo mzuri. Kautoa kwangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Kuna ujumbe kutoka Mazinde. Bibi yake Sabra, mama wa marehemu mume wangu, kashikwa na homa. Mimi siwezi kwenda, nimepewa tenda ya chai ya mkutano, chupa kumi na maandazi. Anakwenda Sabra. Atarudi Alhamisi asubuhi kwa gari la kwanza.

Kabla ya kuondoka kaimaliza kazi. Kurasa kumi na mbili ziko tayari ndani ya mashine. Mimi kazi yangu ni kuzitoa tu kwenye printa na kuzipeleka ofisi ya mradi Jumatano, karani atoe nakala arobaini. Daktari mwenyewe yuko mashambani Malindi, anarudi siku ya mkutano. Hatua za kutoa karatasi Sabra kanibandikia mezani siku nyingi, ili nihudumie wateja wa barua akiwa hayupo. Mimi huzitoa vizuri sana. Barua ya Mzee wa Kamati ya Maji niliitoa mara tatu kwa hiari yangu.

Mlangoni kasema mama, toa tu, usiguse kitu. Nikasema sawa. Akarudi toka barabarani kusema tena. Nikasema Sabra, mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko.

Kaenda. Chumba cha mbele kimekuwa kikubwa ghafla. Nilikaa kwenye kiti chake kidogo, nikaona kitakavyokuwa akienda Morogoro. Meza, alama ya mashine kwenye vumbi, basi.

Jumanne, 16 Septemba

Umeme ulikatika mpaka saa tano. Ni wakati huo nilipofikiri. Umeme ungekuwepo labda nisingepata nafasi ya kufikiri.

Nilifikiri hivi. Evodia kasema hawataelewa. Gulio zima limethibitisha hawataelewa. Wasipoelewa, mwanangu anaondoka. Na dawa iko pale juu, mstari mmoja. Sabra hakuiweka kwa sababu anamwogopa Daktari. Mimi namheshimu Daktari, simwogopi.

Umeme uliporudi niliwasha. Nikafungua. Mstari wa juu ulikuwa pale pale, unaningoja. Jina la tanihekta sikuligusa. Nilifuta vilivyo ndani ya mabano, t na ha na mtungi wake, nikaandika debe.

Nikabonyeza. Mashine ikachemka. Ilikohoa kidogo kama Sabra alivyosema hukohoa, halafu kimya. Nikatoa.

Wallahi sijawahi kuona kitu kizuri namna hii. Mahali thelathini na moja, yote yametii. Nilihesabu kwa kidole. Nafasi ndogo imekaa mahali pake. Namba na debe lake wamelala mstari mmoja kila mahali, hakuna ndoa iliyovunjika. "Shamba lisilo na matuta hupoteza udongo debe 48 kwa mwaka. Lenye matuta, debe 6." Hata mtoto wa chekechea anaona.

Namba sikugusa hata moja. Namba ni za mtaalamu. Mimi nimebadilisha chombo tu.

Jumatano, 17 Septemba

Nimezipeleka. Nimezifunga kwa uzi wa zambarau pembeni, maana uzuri haudhuru. Karani wa mradi kaweka kurasa kwenye mashine ya nakala bila kusoma hata neno. Vijana wa siku hizi. Nakala arobaini zimepangwa mezani kama mikate.

Nilipita kwa makusudi mbele ya nyumba ya Evodia. Nikamwambia kesho aje mkutanoni asikie jinsi watu wanavyoelewa. Kasema anakuja, kapewa kazi ya kupanga viti.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimebeba mabirika kutwa.

Ukumbi ulijaa. Lukozi walikuja wengi, na Malindi. Daktari Fanueli kafika na matope mpaka magotini, kakaa mbele. Sabra kaingia kutoka Mazinde na vumbi lake, bibi hajambo, kakaa nyuma. Hakupata nafasi ya kuziona karatasi. Mimi nilikuwa pembeni na chai. Evodia kwenye viti, Timotheo karibu naye.

Mzee Darweshi, mwenyekiti wa wakulima wa Lukozi, ndiye mwenye miwani, kwa hiyo ndiye aliyesoma. Kasoma salamu. Kasoma utangulizi. Kisha kasoma kwamba shamba lisilo na matuta hupoteza udongo debe arobaini na nane kwa mwaka.

Nikasubiri watu waelewe. Wakaelewa.

Mzee Darweshi kavua miwani. Kasema Daktari, madebe arobaini na nane? Mbona mke wangu anapangusa mengi kuliko hayo miguuni mwa wajukuu, wakitoka tu kucheza?

Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni dalili njema.

Mama mmoja wa Malindi, anaitwa Zuhura, kasimama na nakala yake. Alikuwa amefika ukurasa wa tano kabla ya wote. Kumbe kipimo kile kile kilitumika na kwenye mazao. Kasema hapa wameandika shamba lenye matuta hutoa kabichi debe thelathini na moja. Mimi debe langu linaingia kabichi mbili, tena nikizisukuma. Hizo ni kabichi sitini na mbili. Kageuka, kawaangalia wenzake. Kasema nimechimba matuta miezi miwili, mgongo umepinda kama mundu, kwa ajili ya kabichi sitini na mbili?

Hapo hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kuchukua kofia zao. Mmoja kasema mvua za vuli ziko mlangoni, yeye anakwenda kulima zake mteremko kama babu yake. Wengine wakasema kweli.

Daktari alikuwa anafungua kurasa moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali na sasa anatafuta mwenzake. Kauliza, sauti ya chini sana, nani kafanya hivi.

Sabra kasimama. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga. Kasema Daktari, imetoka ofisini kwangu. Kosa ni langu.

Nilikuwa nimeshika birika. Nilimwona Evodia ananitazama, maana yeye alijua. Nilimwambia mwenyewe, Ijumaa ile, kuhusu mstari wa juu. Angeweza kusema. Hakusema, alinitazama tu, kama mtu anayengoja ndoo ijae.

Nikaweka birika chini. Nikasema ni mimi. Nikasema mwanangu aliandika sawasawa, namba na kipimo walilala pamoja kama Daktari alivyotaka, ni mimi niliyempa mume mke mwingine. Na nilifanya peke yangu, kwa mstari mmoja, na darasa la nne.

Sabra kajifunika uso kwa khanga.

Evodia akapata sauti sasa. Kasema kwa vile imekuwa hivyo, Timotheo yupo, na aisahihishe. Daktari kamuuliza Timotheo muda. Kijana kasimama, kaniamkia kwanza, Mungu ambariki, kisha kasema kweli. Siku mbili, Daktari. Lazima nitafute kimoja kimoja, na sitaapa kwamba hakuna nitakachoruka.

Daktari kamtazama Sabra.

Sabra kasema mstari mmoja. Chai yenu ya pili haitakuwa imepoa. Akatoka anakimbia na kandambili zake mkononi.

Ndipo Mzee Darweshi kasema, kabla hajarudi, Daktari tuambie basi kweli ni debe ngapi. Daktari kasema yeye hapimi kwa debe. Mzee kasema sisi tunapima. Wakachukua debe langu la kuchemshia maji. Langu. Wakalimwaga, wakatoka nje, wakalijaza udongo, wakaliweka kwenye mizani ya mradi. Kilo ishirini na tano. Daktari kashika chaki. Tani moja ni madebe arobaini. Kaandika, kazidisha, kageuka na chaki mkononi.

Madebe elfu moja mia tisa na ishirini. Hekta moja. Mwaka mmoja. Lenye matuta, mia mbili na arobaini.

Wale waliokuwa mlangoni wakarudi. Zuhura kakaa chini, kaweka mkono mgongoni, kasema kumbe. Mzee Darweshi kasema udongo huo nimeuona. Nimeuona kila mwaka unapita mbele ya nyumba yangu unakwenda Mombo, mwekundu, nikadhani ni maji.

Sabra kaingia. Kurasa kumi na mbili, bado za moto. Vyote thelathini na moja, t, ha, na mtungi kichwani. Daktari kazipitia zote kasimama. Kisha kamwambia aongeze jambo moja chini ya ukurasa wa kwanza: tani moja ni madebe arobaini ya udongo.

Ya udongo, kasisitiza, akinitazama. Si ya kabichi.

Ijumaa, 19 Septemba

Daktari kaja asubuhi. Nilimwekea kiti nikakaa jikoni, masikio nikayaacha sebuleni. Kamwambia Sabra kazi ni yake, miaka mitatu. Kasema kosa hutokea kwenye kila mashine, ila kosa linalosahihishwa kabla chai haijapoa halimnyimi mtu usingizi. La kuwinda siku mbili ndilo analoliogopa. Kaweka sharti moja, nalo linanihusu mimi na umbali kati yangu na ile meza.

Kwa hiyo nimefikiri. Kama nisingebadilisha, nani angejua kwamba mashine ya Sabra inaweza kusahihishwa upesi namna ile? Hakuna. Na debe nani kalileta? Nimemweleza Sabra haya. Kageukia mashine yake, kachapa mchana kutwa.

Wakati wa kula ndipo kasema. Kasema mama, ilibaki kidogo unirudishe Morogoro kwa mkono wako mwenyewe.

Nikamwongezea maharage.

Jumatatu, 22 Septemba

Mambo mazuri. Nakala arobaini za zamani nimezichukua bure mradini, zinafungia maandazi. Evodia kanunua matatu leo, kafungiwa ukurasa wa tano. Kasoma, kasema Mama Sabra, kabichi debe thelathini na moja, mwaka wa njaa huo. Tukacheka wote wawili, bila kutaka. Bombani kaniachia nijaze kwanza. Nadhani alikuwa amechoka.

Timotheo anakuja jioni kujifunza Lateki kwa Sabra. Evodia kasema ni kujitolea kumsaidia. Nimemwacha aseme.

Sabra kanirudishia ufunguo wa chumba cha mbele, kwa sababu ya wateja wa barua. Kaniapisha kwanza. Nimeapa mbele ya picha ya baba yake kwamba sitagusa kipimo, si tani, si hekta, si kilo. Na sitagusa. Mimi nikiapa nimeapa.

Kazi ya kwanza ya miaka mitatu imeanza, kitabu kizima, kurasa mia mbili, na mengi yatatoka Lukozi, na mengi kuhusu debe. Leo wakati Sabra anakunywa chai nilipita nyuma ya kiti chake, kwa umbali ule ule aliousema Daktari, nikasoma mistari ya juu. Kumbe juu pale hakuna vipimo tu. Kuna mstari wa kichwa cha kitabu. Chini yake kuna mstari wa jina la mwandishi, mmoja tu, na ndani ya mabano jina la Daktari, yuko peke yake, na nafasi pembeni inayomtosha mtu mzima kukaa.

Hicho si kipimo.

Bibi Mazinde bado ana kikohozi. Nimemwambia Sabra Alhamisi aende akamwangalie, na wala asiwe na haraka ya kurudi.